Kabla Uinstoli Upya, Uliza Majina Yanakaa Wapi

Mwezi wa pili stima ilipotea hapa Donholm saa mbili usiku nikiwa katikati ya kupanga picha kwa kompyuta, ikarudi baada ya kama dakika arobaini hivi, kompyuta ikawaka vizuri tu lakini Picasa, ile programu ya Google ya kupanga picha, ikakataa. Unaibonyeza, ile nembo yake inatokea, halafu inapotea kama haikuwa. Nikazima kompyuta nikawasha tena, hivyo hivyo.

Najua kuna mtu ataniuliza mbona bado niko na Picasa na Google waliacha kuishughulikia tangu Machi 2016. Niko nayo juu haihitaji bandoli kufanya kazi, haihamishi picha zako kutoka mahali umeziweka, na mama yangu anaielewa. Hiyo ya tatu ndiyo kubwa.

Wacha niwaeleze kilikuwa ndani. Mama ana albamu nne za zamani, zile za kurasa nyeusi na picha zimeshikwa na vikona vya karatasi, nyingine zimepigwa na wale wapiga picha wa town walikuwa wanakuweka mbele ya KICC, nyingine ni za studio, nyingine za ushago kule Machakos watu wamejipanga mbele ya nyumba ya mabati. Nilizipitisha zote kwa skana kidogo kidogo. Halafu kwa miaka miwili, karibu kila Jumapili jioni baada ya chakula, tulikuwa tunakaa na mama mbele ya kompyuta namuuliza, Mama, huyu ni nani, na yeye anasogeza miwani anasema huyu ni dada ya nyanya yako, yule aliolewa Tala, na huyu amebeba mtoto ni yule jirani alitusaidia ile mwaka ya njaa, na mtoto ni mimi. Mimi naandika. Picasa inakuchorea kisanduku kwa uso, unaandika jina, na baadaye inaanza kukupendekezea yenyewe kwamba huyu pia anafanana na fulani. Hata miaka tulikuwa tunaitafuta hivyo, kwa mfano kama KICC inaonekana imekamilika pale nyuma basi picha ni ya 1973 kwenda mbele, kama bado inajengwa basi ni kabla ya hapo. Picha kama elfu mbili na mia saba. Hiyo kazi haikuwa yangu, ilikuwa ya mama, mimi nilikuwa mkono tu.

Sasa Jumatatu nikabeba mashine nikapeleka kwa fundi town. Kijana mpole, kazi yake safi, na simsemi vibaya, alifanya venye wengi wanafanya. Aliangalia dakika mbili akaniambia, "Boss, hii Windows imechoka, tuisafishe tu tuinstoli kila kitu upya, picha zako nitazitoa kwanza usijali." Na kweli alizitoa. Alifungua folda ya Picha za Mama, akachagua vyote vilivyo ndani, akakopi kwa diski yake, akafomati, akaweka Windows mpya, akaweka Picasa kutoka kwa flashi yake, akarudisha picha. Ilichukua kama masaa matatu hivi. Nililipa, nikashukuru, nikarudi nyumbani na matatu nikiwa nimeikumbatia hiyo mashine kifuani.

Picha zote zilikuwepo. Hakuna hata moja ilipotea. Lakini ile folda kubwa, picha zilizokuwa zimekaa hapo nje nje bila kuwekwa kwa folda ndogo, kama elfu moja na mia moja, hakuna uso hata mmoja ulikuwa na jina. Nyuso na visanduku vitupu. Mama alikuja nyuma yangu akaangalia akasema, "Kwani wamesahaulika tena?"

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike hii kitu.

Shida ni kwamba tunafikiria programu ya picha ni kitu kimoja, na ni vitu vitatu. Kuna picha zenyewe, zile faili za JPEG zilizo kwa folda zako. Kuna programu, ile kitu unainstoli. Na kuna databesi, yaani lile daftari ambalo programu inaandikia mambo yote uliyoiambia: huyu ni nani, hii iko kwa albamu gani, hii nimeipa nyota. Fundi akikwambia picha zako ziko salama anaongea juu ya kitu cha kwanza. Akikwambia nitainstoli upya anaongea juu ya cha pili. Na cha tatu hakuna mtu anakitaja, na ndicho kilikuwa na Jumapili zangu za miaka miwili.

Kwa Picasa hilo daftari liko kwa diski ya C, ndani kabisa kwa AppData, kisha Local, kisha Google, kwa folda inaitwa Picasa2, na jirani yake kuna Picasa2Albums. AppData yenyewe imefichwa, huioni hadi uiambie Windows ionyeshe vitu vilivyofichwa. Ukifomati C, imeenda. Na hata usipofomati, ukitoa Picasa kwa njia ya kawaida inakuuliza kama ifute databesi pia, na mtu mwenye haraka anabonyeza ndiyo.

Lakini nilivyokaa usiku kucha nikichunguza nini kilipona na nini hakikupona, nilijifunza kitu ambacho natamani ningekijua mapema. Picasa pia huacha kifaili kidogo ndani ya kila folda ya picha, kinaitwa .picasa.ini, nacho pia kimefichwa, na humo ndani kuna alama za nyuso na majina ya hiyo folda. Fundi alipochagua vyote ndani ya ile folda kubwa, kompyuta ilichagua vile inaona tu, kile kifaili cha hapo juu kilifichwa kwa hivyo kikaachwa nyuma kikaenda na fomati. Lakini folda ndogo zilizokuwa ndani, ile ya harusi ya shangazi, ile ya mazishi ya babu, zilikopiwa nzima nzima na vitu vyake vyote vya ndani vikabebwa. Na hizo, Picasa ilipozisoma upya, majina yalirudi. Nilikuwa naangalia jina moja moja linatokea chini ya uso na machozi yananitoka, sioni aibu kusema.

Kitu kingine kilichopona kabisa, hata kwa ile folda iliyoharibika, ni yale maandishi ya chini ya picha. Juu maandishi ya chini ya picha Picasa huyaandika ndani ya JPEG yenyewe, kwa ile sehemu ya maelezo inaitwa IPTC, kwa hivyo picha ikienda mahali popote inaenda nayo. Kuna picha kama sitini hivi nilikuwa nimeandika hadithi fupi chini yake, na zote sitini ziko. Albamu nazo, zile za kujipangia, hakuna hata moja ilirudi.

Kwa hivyo maoni yangu, na nayasema nikiwa nimeumia, ni kwamba kuinstoli upya tumeigeuza panadol. Kila kitu kikigoma hapa Nairobi jibu ni safisha, fomati, instoli upya. Kwa mashine ya saiba sawa. Kwa mashine ya nyumbani ambayo ndiyo albamu ya familia, hiyo inafaa iwe dawa ya mwisho, na kabla yake kuna maswali ya kuuliza.

Usiku ule stima iliporudi ningefanya hivi. Kwanza ningeangalia kama diski imejaa, maana programu ikikosa nafasi ya kuandikia daftari lake inaweza kufa bila kukuambia sababu. Halafu ningeipima diski kwa chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, kwa sababu stima kukatika ghafla wakati kitu kinaandikwa ni njia ya kawaida kabisa ya kuharibu faili. Halafu ningekopi ile Picasa2 na Picasa2Albums kwa flashi, na folda nzima ya picha kwa diski nyingine, nzima, sio kuingia ndani na kuchagua. Baada ya hapo ningebadilisha tu jina la folda ya Picasa2, niiite Picasa2-zamani, nifungue programu. Ikikosa daftari lake inatengeneza jipya. Ikifunguka, basi umejua programu haikuwa na shida hata kidogo, ilikuwa ni daftari limeraruka ukurasa, na la zamani bado unalo hujalitupa, na vile vifaili vidogo bado viko kwa folda vya kukurudishia majina. Kubadilisha jina, sio kufuta. Hiyo tofauti ndogo ndiyo ingeniokolea majina ya picha elfu moja na mia moja.

Na si Picasa tu. Jirani yangu wa juu anapiga picha za harusi anatumia Lightroom, programu ya kupanga na kurekebisha picha, wiki iliyofuata akanipigia mlango ati folda zote zimeweka alama ya kuuliza na kazi ya wateja haifunguki, na alikuwa ashapanga kuitoa ainstoli upya. Tukaangalia. Diski yake ya nje ilikuwa inaitwa E, siku hiyo alikuwa amechomeka flashi kwanza ikachukua E, diski ikawa F. Programu inatafuta picha kwa E, haizipati. Tukafungua Disk Management, ile sehemu ya Windows ya kupanga diski, tukairudishia herufi yake, zote zikarudi. Angeinstoli mara kumi na bado zingekuwa hazionekani. Nikamwonyesha pia ile faili yake inaishia na .lrcat, hiyo ndiyo katalogi, ndiyo daftari lake, nikamwambia hiyo iwe na nakala mahali pengine mbali na hiyo diski, juu marekebisho yake yote ya rangi yako humo.

Kuna wale wameniambia weka kila kitu Google Photos uachane na stress. Sikatai, nakala ya nje ya nyumba ni muhimu, nyumba huungua, mashine huibiwa. Lakini tangu 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa kwa zile GB 15 za bure pamoja na barua pepe zako, na skani nzuri za albamu nne zinakula nafasi. Nimeweka zile muhimu. Zingine ziko kwa diski mbili, moja kwangu moja kwa dada yangu.

Ninachokiamini zaidi sasa ni kwamba jina la mtu halifai kukaa kwa daftari la programu peke yake, hata programu iwe nzuri namna gani. Linafaa kukaa ndani ya picha. Picasa 3.9 iko na sehemu kwa mipangilio ya majina, unaweka alama kwamba majina yahifadhiwe ndani ya picha, na hiyo sehemu ilikuwepo siku zote mimi sikuwahi kuifungua. digiKam nayo, programu nyingine ya kupanga picha, ambayo ni ya bure na bado inashughulikiwa, ina mipangilio ya metadata, yaani maelezo ya ndani ya picha, ambapo unachagua iandike majina na maelezo ndani ya faili, na inaweza kusoma yale yaliyoandikwa na programu nyingine. Ndiyo nimeanza kuhamia huko pole pole. Na ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp itume kama dokumenti, kwa sababu ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na yale maelezo ya ndani yanatolewa, na kwa grupu ya familia ndiko picha zetu nyingi zinapitia.

Nasema haya sasa kwa sababu moja. Microsoft waliacha kuishughulikia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi tulizonazo majumbani ni zile za mtumba za kutoka Uingereza ambazo prosesa yake ni ya zamani kuliko ile Windows 11 inakubali, kwa hivyo watu wengi wananunua mashine nyingine au wanapeleka kwa fundi. Mafundi, ninyi ni ndugu zetu, ukiletewa kompyuta ya nyumbani uliza swali moja tu: picha zako unazipanga na programu gani? Halafu kopi na ile folda iliyofichwa. Ni dakika tano.

Mama na mimi tumeanza tena. Tumerudia kama mia nne hivi, na safari hii kila jina linaingia ndani ya picha palepale. Nyingine anazijua bila kufikiria, nyingine anakaa nazo muda mrefu anasema hili jina nilikuwa nalo mwaka jana. Kuna moja ya wanaume watatu wamesimama juu ya lori, shangazi ndiye alituambia majina yao kwa simu mwaka juzi, na shangazi ametuacha mwezi wa nane. Mama anakumbuka mmoja tu. Kuna mzee wa karibu na Tala alikuwa turniboi wa lori hizo enzi zile, tumeambiwa bado macho yake yanaona vizuri, Jumapili nambebea laptopu.