Uyoga kwenye chungu cha kaktasi hauhitaji dawa

Masika yakikolea Dar es Salaam, wapenzi wa maua huanza kuulizana: "Jamani, kaktasi yangu imeota uyoga wa njano, nipulizie dawa gani?" Usipulizie kitu. Dawa ya ukungu itakumalizia hela, na uyoga utarudi vilevile.

Uyoga huo mara nyingi ni ule ambao wataalamu wanauita Leucocoprinus birnbaumii. Unachomoza ukiwa na kichwa cha duara dufu, kisha unafunguka kuwa mwavuli mwembamba wenye mistari pembezoni, na ukiugusa unakuachia ungaunga kidoleni. Haukawii kunyauka. Ni wa nchi za joto, ingawa jina lake lilitoka Ulaya: mwaka 1839 mtaalamu wa uyoga August Corda aliupa jina la birnbaumii kwa heshima ya Birnbaum, mtunza bustani aliyeukuta kwenye banda la mimea kule Prague.

Chakula chake ni vitu vilivyokufa: samadi, makumbi ya nazi, majani yaliyooza. Mizizi hai hauigusi. Unachokiona juu ni sehemu ya kuzalia tu. Mwili wenyewe ni nyuzi zilizosambaa ndani ya udongo, ndiyo maana kuung'oa hakuumalizi.

Ila kaktasi haitakiwi kukaa kwenye udongo unaoulisha uyoga, na hapo ndipo ninapogombana na wauzaji wetu wa barabarani. Waridi, mkroton, kaktasi, vyote wanavipanda kwenye viriba vyenye udongo uleule mweusi uliojaa samadi, halafu unaambiwa, "Dada, mwagilia kila siku." Mmea wenye asili ya majangwa ya Amerika! Nyumbani tunauhamishia kwenye chungu cha kauri kinachong'aa, kisicho na tundu hata moja. (Anayetengeneza vyungu hivyo sijui alidhani tutafugia samaki.)

Kwa hiyo ukiona uyoga, bonyeza shina pale linapokutana na udongo. Likiwa gumu, acha kumwagilia mpaka udongo ukauke hadi chini, kisha hamishia mmea kwenye mchanganyiko ambao zaidi ya nusu ni mchanga mnene wa mtoni na kokoto ndogo. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Likiwa limelainika na kugeuka kahawia, kata juu ya palipooza mpaka ufikie nyama safi, acha kipande kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, ndipo ukipande upya.

Na kwa sisi tunaopenda uyoga wa porini: huu haupikwi, unavuruga tumbo. Mwenye mtoto anayetambaa au mbwa wa kutafunatafuna aung'oe kila unapochomoza. Wengine tuuache, unapendeza kuliko maua mengi ninayoyanunua.