Karatasi za nyimbo London: udaku au gazeti la maskini?

Wengi wakizungumzia zile karatasi za nyimbo (karatasi moja yenye maneno ya wimbo kuhusu habari fulani, mara nyingi na picha) zilizokuwa zinauzwa barabarani Uingereza enzi hizo, karne ya 17 mpaka ya 19, wanaziita udaku tu wa kuwala maskini hela, na kusema kweli hawajakosa ushahidi. James Catnach, mchapaji maarufu wa pale Seven Dials, London, alifungwa miezi 6 mwaka 1818 kwa kumchafulia jina muuza nyama, eti soseji zake zina nyama ya binadamu! Halafu kuna zile za watu wa kunyongwa, hizi ndo zinaniuma zaidi, manake "maneno ya mwisho" ya mtu yalikuwa yanachapwa mapema ili yawahi umati unaokuja kuona akinyongwa, yaani jamaa bado yuko hai na watu wanauziwa majuto ambayo wala hakuyasema, na akishanyongwa kukanusha hawezi tena. Picha nazo zilikuwa zile zile za kuchonga kwenye ubao, leo muuaji huyu kesho mwingine.

Ila sasa wanaoishia hapo hawaulizi maskini angesoma nini kingine. Kuanzia 1815 kodi ya stempu ilikuwa peni 4 kwa kila nakala ya gazeti, gazeti likafika peni 7 hivi, na wakubwa wengi walifurahia tu siasa zisiwafikie watu wa chini. Karatasi ya wimbo ilikuwa peni 1, au hata nusu. Na hujui kusoma? Sio shida, muuzaji mwenyewe anaimba pale kona, noti za muziki mara nyingi hazikuwepo, wanaandika tu wimbo huu uimbwe kwa tyuni fulani ambayo watu wanaijua tayari, ukisikia mara mbili tatu umeushika. Nyingine zilibandikwa kwenye kuta za vilabu vya pombe. Vita, mapenzi, uchaguzi, ugumu wa maisha, vyote vilipita humo.

Na sio maskini peke yao, Samuel Pepys, ofisa mkubwa wa jeshi la maji karne ya 17, alikusanya zaidi ya 1,800 na mpaka leo zipo Magdalene College, Cambridge.

Mi lawama kubwa naipeleka kwenye ile kodi. Ilipofutwa 1855, Daily Telegraph ikauzwa peni 1 mwaka huo huo, maskini akapata gazeti la kweli na karatasi za nyimbo zikaanza kufifia. Ila yale majuto ya uongo ya watu wa kunyongwa siyatetei hata kidogo.