Magharibi Kabla ya Alasiri

Kompyuta yetu ya sebuleni, mtumba kutoka Uingereza, ilianza kubaki nyuma saa tatu. Saa ya ukutani ikiwa saa tano asubuhi, yenyewe inasema saa mbili, bila haya.

Nyumba yetu ya South C, Nairobi, haina uhaba wa mafundi. Shangazi alisema ni virusi. Jirani akalaumu stima za kupotea ovyo. Mdogo wangu, aliyerudi likizo kutoka chuo na kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kando ya Windows bila kumuuliza mtu, akatangaza kuwa ni kibetri cha mazabodi, kile kinachotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa, akashuka Luthuli Avenue kukinunua. CR2032, volti 3. Alitusomesha kwamba 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Tukaitikia kwa heshima. Kibetri kikaingia, saa ikabaki nyuma vilevile.

Mimi nikaanza kushuku. Kibetri kikifa, ukichomoa kompyuta kwenye stima husahau hata mwaka. Inaamka ikidhani ni zamani, na tovuti zinagoma kufunguka kwa sababu inaona vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kazi. Yetu mwaka iliujua, na dakika haikukosea hata moja. Anayekosea saa tatu barabara kila siku hajachoka, ana hesabu yake. Nilisema hivyo. Nikatumwa sukari dukani.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa amesharekebisha saa kwa mkono ndani ya Windows. "Imepona!" Kisha akaizima na kuiwasha upande wa Linux, maana huko ndiko alikoweka programu ya kuadhini. Ilikuwa Ramadhani, na intaneti tulikuwa tumekatiwa kwa deni la mwezi, kwa hivyo kompyuta haikuwa na pa kuuliza saa.

Ami, aliyetujia kutoka Mombasa, alikuwa amejilaza kwenye kochi tangu aswali Adhuhuri. Nje wingu la mvua limetanda, mapazia yameshushwa. Kasoro dakika chache itimie saa kumi alasiri, spika zikapaza adhana ya Magharibi.

Ami aliinuka kama kijana. Akasoma dua, akachukua tende kwenye sahani, akaitia kinywani, akashushia na gilasi ya maji mpaka tone la mwisho. Watoto wawili waliokuwa mlangoni walimkodolea macho bila kupumua. Nami nilikuwa nimesimama na sukari yangu, ulimi mzito.

"Mbona sambusa hazijakaangwa?" akauliza.

Shangazi akatokea jikoni na kisu na kitunguu. "Sambusa gani saa hizi, Ami?"

Kabla hajajibiwa, msikiti wa mtaa ukaadhini. Alasiri.

Ami alibaki na kokwa la tende kiganjani, akilitazama kama ushahidi. Kisha, kwa sauti ya upole iliyotutisha zaidi ya kelele, akamwita mdogo wangu aje amweleze.

Mdogo wangu akaeleza, jasho likimtoka. Ndani ya mashine mna saa moja tu inayotumiwa na wote wawili. Windows huihesabu kuwa ni saa ya Nairobi. Linux huihesabu kuwa ni saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, kwa hivyo huiongezea tatu. Mmoja akiiweka sawa, mwenziwe anaiona kombo. Dawa ni amri moja tu kwenye Linux, timedatectl set-local-rtc 1, na angeiandika sasa hivi.

"Kwa hivyo hiyo adhana ilikuwa ya saa sita mbele ya Greenwich?"

"Ndiyo, Ami. Wakati huu jua linatua huko Bara Hindi."

"Nimefuturu na Wahindi."

"Ndiyo, Ami."

Ami akaenda kutawadha. Akiwa mlangoni akageuka. "Siku hii nitailipa baada ya Idi. Nawe utafunga pamoja nami, na daku utapika wewe."