Fomu ya Ripoti Haina Mahali pa Kuandika "Nimekauka"

Nilipokuwa mmisionari, kila baada ya miezi mitatu nilijaza fomu ya kanisa lililonituma. Mstari wa kwanza: waliookoka. Wa pili: waliobatizwa. Wa tatu: nyumba zilizotembelewa. Robo moja ya mwaka niliandika "3" kwenye mstari wa kwanza, na mpaka leo naona haya nikiikumbuka ile tatu. Mmoja alikuwa mzee aliyeitikia kila nilichosema kwa adabu tu, maana mgeni hakatizwi. Wa pili alitaka lifti ya kwenda hospitali. Wa tatu, sina hakika kama alikuwepo. Na wakati naijaza fomu ile nilikuwa sijaomba kwa wiki sita. Nasema kuomba, si kuongoza maombi. Kuongoza nilikuwa naongoza kila siku, tena kwa sauti.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za wamisionari nikitafuta yale wasiyoyajaza kwenye fomu zao. Ndiyo maana siishi kumfikiria Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa karne ya kumi na tisa aliyeishi Rabai, karibu na Mombasa.

Wengi wanamjua kwa siku moja tu, 11 Mei 1848, alipouona Kilimanjaro na theluji yake, akaandika, na msomi mmoja wa London akamfanyia dhihaka. (Mwongozaji wake aliuita ule weupe "baridi" tu, na kwa kweli hakukosea.) Mimi ile siku moja hainishughulishi. Zinanishughulisha zilizobaki. Alifika pwani ya Kenya mwaka 1846 akaondoka 1875. Katika miaka yote hiyo 29 hakurudi Ulaya. Mwanawe wa pekee alikufa angali mchanga. Mkewe, Emma, akafariki mwaka 1866, naye Rebmann akabaki palepale Rabai. Macho yakaanza kufifia. Waongofu aliokuwa nao baada ya miaka yote hiyo wangeenea kwenye benchi chache za kanisa.

Fikiria fomu yake ingesomekaje. Waliookoka robo hii: hakuna. Robo iliyopita: hakuna. Kamati ya leo ingemwita nyumbani kabla mwaka wa tatu haujaisha, na kwa upole kabisa ingemwambia Mungu anafungua mlango mwingine.

Mwenzake, Johann Ludwig Krapf, alimtangulia Mombasa Mei 1844. Mwezi uliofuata alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, jambo ambalo wahubiri wetu wa leo hawalisemi sana. Julai, mkewe Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamchukua mama, mtoto akamfuata, na Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hoi. Wakati huo walikuwa wameshamzika binti mwingine safarini Ethiopia, mtoto waliyempa jina lenye maana ya "chozi". Kaburi la Rosine lipo mpaka leo upande wa bara, Nyali.

Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara kuwa mapambano yao na upande huu wa dunia yameanza. Barua hiyo hupendwa sana kwenye makongamano ya umisheni. Inasomwa, watu wanalia, sahani ya sadaka inapita. Mimi inanitia wasiwasi. Mtu amezika mke na mtoto, na udongo haujakauka msiba umeshageuzwa taarifa ya kazi. Labda bila hivyo asingeweza kusimama, na mimi si wa kumhukumu. Lakini Rosine alikuwa mke wa mtu kabla ya kuwa ishara, na ningetoa chochote nisome barua nyingine, ile ambayo Krapf angemwandikia rafiki asiyemtumia pesa.

Krapf na Rebmann hawakuelewana daima. Krapf alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo vya misheni kukatiza Afrika nzima kutoka pwani hii hadi ile. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja na watu wale wale. Hapa ndipo ninapowaamini zaidi, kwa sababu wamisionari wengi niliowajua hawakuvunjwa na malaria wala na wenyeji. Walivunjwa na mmisionari mwenzao wa nyumba ya pili: nani ana ufunguo wa gari, nani alitajwa kwenye barua ya maombi na nani akasahauliwa. Hilo nalo halina mstari kwenye fomu.

Simfanyi Rebmann malaika. Alikuwa mgumu, na baadhi ya mambo ambayo yeye na Krapf waliandika kuhusu Wamijikenda huwezi kuyasoma bila kuudhika. Ila kuna picha yake moja ninayoipenda. Amekaa na Salimini, mtu aliyeuzwa utumwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa, anamuuliza neno moja moja: hiki kwenu mnakiitaje? Na hiki? Kamusi iliyotokana na maswali hayo ilichapwa 1877, Rebmann akiwa ameshafariki. Sijui kama siku hizo aliomba vizuri. Najua alikuwa akimsikiliza mtu, na mimi katika ile robo yangu ya "3" sikumsikiliza yeyote. Yule mzee angeniambia mengi kama ningenyamaza.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotuma wamisionari ni dogo. Kabla ya kuuliza wangapi, mpigieni simu mumuulize analala vipi, amegombana na nani, na mara ya mwisho kuomba bila hadhira ilikuwa lini. Akijibu "sikumbuki", msimwite nyumbani siku ile ile. Mwacheni alitamke kwanza.

Rebmann alipoondoka Rabai mwaka 1875 alikuwa haoni. Safari yote mpaka Ulaya alisindikizwa na Isaac Nyondo, kijana wa Kirabai, mtoto wa mmoja wa wale waongofu wachache wa mwanzo. Kipofu hawezi kupanda meli peke yake. Lazima mtu amshike mkono, amwambie hapa pana ngazi.