Afande, Tyubu na Pikipiki Iliyokufa

Mfupa haukuvunjika. Eksirei ilionyesha hivyo, na mtaalamu wa viungo, binti mpole mwenye vidole vya chuma, akanieleza kwamba zilizoumia ni kano za upande wa nje wa kifundo, zile zinazovutika mguu ukijikunja kwa ndani. Ulijikunjaje? Mvua, mteremko wa Nsambya, teksi inayoondoka, mtaro. Mtu wa Kampala hahitaji maelezo zaidi.

Kilichonishtua ni maagizo. Nilitegemea kuambiwa nilale, niletewe chai. Yeye akasema siku za mwanzo niuinue mguu juu ya mto na kuuwekea barafu iliyofungwa kitambaani, lakini baada ya hapo nisikae bure. Niandike alfabeti hewani kwa dole gumba la mguu. Maumivu yakipungua, nisimame kwa mguu huo peke yake, mkono ukutani. Na mwili uliobaki usizembee: mikono, tumbo, mgongo, vyote vifanye kazi nikiwa nimeketi. Kisha akanipa magongo na kunifundisha ngazi: kupanda, unatanguliza mguu mzima, kushuka, unatanguliza mgonjwa. "Mwema aende juu, mwovu aende chini," akasema. Nikaitikia amina.

Ningeyatekeleza hayo chumbani kwangu kimyakimya, ila ua wetu hauna siri. Vyumba vya kupanga vinatazamana, bomba ni moja, masikio ni mengi. Hajati alikuwa wa kwanza kusikia. Mchana huohuo akaniletea kinu na karanga. "Mwanangu, si umeambiwa mikono ifanye kazi?" Nikatwanga. Kesho yake akaja mama wa kutoka Bunia, Kongo, na majani yake ya muhogo. "Yaya," ndivyo kwao wanavyomwita ndugu mkubwa, "unisaidie na hii sombe kidogo tu, ni mazoezi." Nikatwanga. Nikajaribu kujitetea kwa kunyanyua jerikeni zenye maji nusu, moja kila mkono, nionekane nina shughuli. Kosa la nani sijui, lakini tangu hapo kila aliyetoka bombani alitua jerikeni yake ya lita 20 mbele yangu, eti aniongezee uzito, akaenda zake sokoni. Ua wote ulikula vizuri wiki zile.

Ndipo Afande akaingilia kati. Yeye ni polisi mstaafu, na mimi ni mtoto wa kambi. Kiswahili nilikipata humo kabla ya Kiganda, kwa hiyo jioni tunapiga soga. Kwake yeye riadha ilifika kileleni kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, pale John Akii-Bua wa Uganda alipokimbia mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, tena katika njia ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji huikwepa kwa sababu ya kona zake kali. Akii-Bua alikuwa polisi. Ukimtajia Cheptegei na dhahabu yake ya mita 10,000 kule Paris mwaka 2024, Afande hakubishii, kwa kuwa naye ni polisi. Wanariadha wengine yeye hawajui.

"Akii-Bua alifanya mazoezi amevaa fulana ya uzito," akaniambia. "Wewe unatwanga karanga. Kuruta, simama! Mguu sawa!"

"Afande, ulio sawa ni mmoja tu."

"Basi uinue huo!"

Nikasimama kwa ule mgonjwa, mkono ukutani, jasho likinitoka. Juu ya paa kulikuwa na kaloli, yule korongo mla taka, naye kasimama kwa mguu mmoja, bila ukuta. Afande akamsifu kwa sauti.

Mtaalamu alitaka pia niupitishie mguu mpira unaovutika, niuvute pande nne. Afande akatafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, akaichana utepe mrefu. Tukakosa mahali pa kufungia upande wa pili. Mlango wangu hufunguka kwa kupulizwa. Mwembe una mbuzi wa Hajati, na mbuzi huyo hapendi wageni. Afande akaangaza macho, akaiona pikipiki.

Ilikuwa ya kijana wa boda wa chumba cha mwisho, na ilikuwa maiti. Watu walianika soksi kwenye usukani. Kuku alitagia chini yake. Afande akaipiga teke la uchunguzi. "Hii haiendi popote," akatamka, akafunga tyubu kwenye keria kwa fundo ambalo, alisema, halifunguki. Akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, akanivisha kitanzi juu ya kandambili.

"Vuta! Moja! Achia! Vuta! Mbili!"

Nilikuwa nimefumba macho kwa bidii, kwa hiyo sikumwona kijana akiingia na fundi na plagi mpya. Afande aliwaona, lakini alikuwa anahesabu, na Afande hakatizi hesabu. Wale wakainama upande wa pili wa injini, wakafunga plagi. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi. Ya tatu ikawaka. Ua mzima ukapiga vigelegele. Nami nikainua mkono kushukuru, nikidhani ni vyangu.

Kijana hakuthubutu kuizima. Akatia gia, akaelekea getini na soksi zake usukanini.

Tyubu ya baiskeli ina subira. Ilivutika, ikavutika, hata nikapata muda wa kufumbua macho na kuelewa. Kisha kiti kikaondoka. Saruji ilikuwa imemwagiwa maji ya kufulia, na kiti cha plastiki hakina breki. Nikapita mbele ya Hajati nimeketi wima. Adabu ni adabu, nikamsalimia.

"Asalaam alaykum, Hajati."

"Wa alaykum salaam. Unakwenda wapi na kiti changu?"

"Nyuma geuka!" Afande alikuwa akipiga kelele. Sijui alikuwa anamwamuru nani.

Kizingiti cha geti kikakidaka kiti. Kandambili ikachomoka pamoja na kitanzi, ikaruka, ikamtandika kijana kisogoni. Naye akajua ni trafiki. Akasimama, akazima injini, akatoa leseni, akaanza kuomba msamaha bila kugeuka.

Afande akakibonyeza kifundo changu: kiko salama. Sehemu iliyokuwa imegusana na kiti hatukuibonyeza hadharani.

Kijana akarudi akisukuma pikipiki, maana ilikataa kuwaka tena, kandambili mkononi. Akaitazama tyubu, akanitazama mimi, akapima kwa macho umbali kutoka chumbani kwangu hadi getini.

"Huyu ni abiria," akamwambia Afande. "Alfu moja."

"Alfu moja, hapo tu?"

"Abiria ni mia tano, mzee. Kiti ni mzigo, tunahesabu kando."