Mohamed Ali, Lakini Si Yule

Hapa Mombasa, ukisimama Mwembe Tayari ukaita "Mohamed Ali!", wanaume kadhaa wataacha vikombe vyao vya kahawa na kugeuka kwa pamoja, na huenda muuza kahawa mwenyewe akawa miongoni mwao. Mimi nilirithishwa jina hili kutoka kwa marehemu babu, ambaye naye alirithishwa, wala hakuna aliyetuuliza.

Afadhali tungekuwa sisi mafundi na wachuuzi peke yetu, kwani wanaotutaabisha hasa ni wakubwa. Yuko yule bondia aliyezaliwa Louisville, Marekani, mwaka 1942 akiitwa Cassius Clay, jina ambalo mtaani kwetu hakuna ambaye angemgombania, lakini mwaka 1964 akaliacha na kuja kubanana nasi kwenye hili letu. Tangu alipomwangusha George Foreman kule Kinshasa mwaka 1974, kila ninapojitambulisha lazima mtu akunje ngumi na kuchezesha miguu mbele yangu. Juzi hata tabibu aliyekuwa akinipima shinikizo la damu alifanya hivyo, mkanda ungali umenibana mkono, kisha akashangaa kwa nini vipimo vimepanda.

Misri ilitawaliwa na Muhammad Ali Pasha tangu 1805 hadi 1848, ilhali mimi sijafanikiwa kuitawala hata rimoti ya televisheni ya nyumbani kwangu. Pakistan nayo, kana kwamba muasisi wake Muhammad Ali Jinnah hakutosha, mwaka 1953 ikampata waziri mkuu Mohammad Ali Bogra, na alipoondoka mwaka 1955 kiti chake kikakaliwa na Chaudhry Mohammad Ali. Namhurumia tarishi aliyekuwa akigawa barua siku hizo.

Hao angalau wako mbali. Mbunge aliyechaguliwa Nyali, hapa hapa Mombasa, mwaka 2017, mwanahabari aliyejulikana kwa upekuzi wake, naye ni Mohamed Ali, na tangu hapo napigiwa simu za alfajiri kuulizwa habari za basari. Nikijieleza kwamba mimi ni fundi wa friji, nasikia mtu akiguna upande wa pili: "Haya, mshapata kura, sasa mwajificha."

Ofisini ndiko kuna kiini macho. Nilikwenda kuchukua cheti changu, karani akaniambia kwamba kimekwisha kuchukuliwa na Mohamed Ali. Nikamuuliza ni Mohamed Ali yupi. Akaligeuza daftari, akaligonga jina kwa kalamu, akanitazama kwa huruma: "Mzee, si wewe huyu hapa?"

Mtaani tumejinusuru kwa lakabu. Yuko Mohamed Ali Mrefu, yuko Mohamed Ali Mapengo, nami nikawa Mohamed Ali Friji, nikatulia. Mwaka jana akahamia jirani, ana duka la friji mpya, na jina lake mshalijua. Wateja, ili wasituchanganye, yeye wamemwita Mohamed Ali Friji, nami niliyewatangulia wote naitwa Mohamed Ali Friji Mbovu.