Baba Yake Philip Pullman Alifia Kenya

Mwaka 1954, mwandishi Mwingereza Philip Pullman akiwa na umri wa miaka saba, baba yake, rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza, alifariki katika ajali ya ndege nchini Kenya. Serikali ilimtunukia marehemu nishani ya Distinguished Flying Cross, na mtoto akakua akiamini kwamba baba yake alikuwa shujaa aliyefia vitani akiitetea nchi yake, na kwamba kazi yake huku kwetu ilikuwa kuwafundisha marubani wengine. Niliyasoma hayo katika wasifu wa mwandishi huyo nikiwa nimekwisha kuimaliza trilojia yake mashuhuri, His Dark Materials, na jioni hiyohiyo nikakirudia kitabu cha kwanza na kukianza upya, kwa maana kitabu kilikuwa kimenibadilikia.

Wanaomzungumzia Pullman huanza na dini, na wengi huishia hapo. Kwa kuwa wabaya wa trilojia hiyo ni watu wa Kanisa lenye mamlaka ya kutisha, filamu iliyotokana na kitabu cha kwanza ilipotolewa mwaka 2007 baadhi ya Wakatoliki nchini Marekani waliwataka waumini waisusie, na mjadala umebaki ukizunguka palepale. Sidai kwamba mjadala huo hauna maana. Nasema tu kwamba msomaji aliyelelewa karibu na msitu wa Nyandarua ana swali jingine la kumuuliza mtunzi huyu, nalo ni la baba yake, na kwamba swali hilo vitabu vyenyewe vinalikaribisha.

Kitabu cha kwanza, Northern Lights, kilichotoka mwaka 1995, kinamhusu Lyra, msichana anayelelewa katika chuo kimoja cha Oxford ya kubuni, katika dunia ambamo roho ya kila mtu huishi nje ya mwili katika umbo la mnyama na kuandamana naye. Lyra ameambiwa na wakubwa kwamba wazazi wake walikufa katika ajali ya chombo cha angani. Ni uongo. Mtu anayemwita mjomba, Lord Asriel, msafiri shupavu ambaye kila chumba hunyamaza anapoingia, ndiye baba yake mzazi. Binti anaupokea ukweli huo kwa fahari, anavuka theluji na barafu ili kumfikia, na anapomfikia anagundua kwamba baba huyo yuko tayari kumuua mtoto, tena rafiki mpenzi wa Lyra, ili apate nguvu za kuipasua anga. Katika kitabu cha pili anaingia Will, kijana wa miaka kumi na miwili ambaye baba yake, mwanajeshi wa zamani, alipotelea katika safari ya uchunguzi huko kaskazini. Will anamtafuta mpaka anampata, lakini kwenye giza wanapigana bila kujuana, na mara tu wanapotambuana baba anauawa kwa mshale mbele ya mwanawe.

Msomaji wa Kenya akishajua habari ya mwaka 1954, hawezi kuyapita mambo haya kana kwamba ni mapambo ya kisa. Sitaki kumfanya mtunzi kuwa mgonjwa na mimi kuwa daktari wake, kwani riwaya hutoka katika mambo mengi, na Pullman mwenyewe husema wazi kwamba deni lake kubwa ni kwa utenzi wa mshairi Mwingereza John Milton, Paradise Lost, ambamo ndimo alimolitoa jina la trilojia. Hata hivyo, baba anayeishi katika hadithi za watu wengine, ajali ya angani ambayo si kisa chote, na shujaa ambaye ushujaa wake unalipwa kwa damu ya wanyonge, ni mambo matatu yanayorudi mno kuweza kuitwa nasibu.

Mwaka 2008, katika majibizano na mwandishi wa habari, Pullman alionyeshwa maelezo ya gazeti rasmi la serikali ya Uingereza la mwaka 1954. Yalieleza kwamba kazi kuu ya ndege za Harvard katika kikosi cha baba yake ilikuwa kuwapiga Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni nchini Kenya, kwa mabomu na bunduki za rashasha katika misitu minene, zikijitosa kwenye makorongo ya mito chini ya mawingu mazito na mvua kali. Mwandishi huyo wa habari aliongeza neno ambalo wazee wetu wangelithibitisha bila kufungua faili lolote, kwamba wapiganaji wachache sana wa msituni walikuwa na silaha inayoweza kuidhuru ndege.

Nyanya yangu, ambaye wakati huo alikuwa msichana upande wa Nyeri, alikuwa mmoja wa waliochimbishwa handaki kandokando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula kutoka vijijini. Hakupenda kuisimulia Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita hiyo, na alipoisimulia hakuanza na askari wala na kambi. Alianza na nyati. Alisema kwamba siku za mabomu nyati ndio waliotangulia kutoka msituni, wengine wakiwa wamejeruhiwa, na wanawake waliokuwa handakini hawakujua wamkimbie nani, mnyama aliye mbele yao au askari aliye nyuma.

Pullman hakuyakanusha maelezo ya gazeti lile. Alikubali kwamba habari hizo zilikuwa changamoto kubwa kwa kumbukumbu yake ya utotoni, na kwamba baba yake huenda hapati sifa nyingi akipimwa kwa vigezo vya fikra huria za kisasa. Namheshimu kwa hilo, kwa sababu si kila mwana wa askari wa kikoloni aliyefanya hata hayo. Neno linalonikwama kooni ni hilo la kisasa. Vigezo vya kuilaani vita ile havikuhitaji kusubiri karne mpya. Wabunge kama Barbara Castle na Fenner Brockway waliipigia kelele London kwenyewe katika miaka ya hamsini, na Arthur Young, kamishna wa polisi aliyeletwa Kenya mwaka huohuo wa 1954, alijiuzulu kabla ya mwaka kwisha kwa kuchukizwa na ukatili ambao wakubwa wake hawakutaka uchunguzwe. Kilichochelewa hadi Juni 2013 ni serikali ya Uingereza kutamka majuto bungeni, pamoja na makubaliano ya pauni milioni 19.9 kwa madai ya Wakenya 5,228. Majuto yalikuwa ya kisasa. Uovu ulijulikana tangu mwanzo.

Ninaloshangaa ni kwamba riwaya zake zilikuwa na ujasiri kuliko jibu lake. Pullman alikuwa mwalimu kabla ya kuwa maarufu, na katika shule za Oxford aliwasimulia watoto visa vya Wagiriki wa kale kwa mdomo, bila kitabu mkononi, jambo ambalo naliamini kila ninaposoma sentensi zake, maana zina pumzi ya mtu anayetazama nyuso za wasikilizaji. Katika kitabu cha tatu, The Amber Spyglass, cha mwaka 2000, ambacho kilikuwa kitabu cha kwanza cha watoto kutwaa tuzo kuu ya Whitbread, Lyra na Will wanashuka kuzimu. Huko kunalindwa na viumbe wenye mwili wa ndege na uso wa mwanamke. Lyra, ambaye uongo ndio kipaji chake, anawatungia kisa kitamu, nao wanamrukia wakimpigia kelele kwamba ni mwongo. Baadaye anapowasimulia wafu maisha yake halisi, pamoja na matope aliyochezea, viumbe hao wanatulia na kusikiliza. Ndipo linapofungwa agano: kila marehemu atakayesimulia kwa kweli aliyoyaona na kuyatenda atasindikizwa hadi kwenye mwanga, na asiye na la kusimulia au anayeficha hatakuwa na haki ya kusindikizwa.

Aliyaandika hayo miaka minane kabla ya kuonyeshwa lile gazeti. Nisomapo sura ile humwona rubani wa Harvard akiwa kwenye foleni ndefu, nishani ikiwa haina kazi tena, na nyuma yake watu wa msituni, nao wakiwa na yao ya kukiri. Sijui yeye angeanzia wapi, kwa kijana wake wa miaka saba au kwa makorongo ya mito. Nyanya yangu, nina hakika, alianza na nyati.